Kenrokuen kwa Siku Moja: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila mgeni kutoka nyumbani anayepanga kuja Japani huuliza habari za bustani, na wanafunzi wetu walioko Tokyo na Osaka huuliza vilevile likizo zinapokaribia. Maswali mengi ni yaleyale, kwa hiyo nimeyakusanya. Saa zote hapa ni za Kiswahili: saa 1 asubuhi ndiyo ile ambayo tiketi yako itaiandika 7:00. Kuwa makini na hilo, maana treni za huku hazimsubiri mtu.

Kenrokuen ni nini, na iko wapi?

Ni bustani ya zamani ya ukoo wa Maeda, juu ya kilima katikati ya mji wa Kanazawa, mkoa wa Ishikawa, upande wa nchi unaotazama Bahari ya Japani. Ina zaidi ya hektari 11. Ilianza mwaka 1676, pale Maeda Tsunanori, mtawala wa tano wa Kaga, eneo la ukoo huo, alipojenga nyumba ya mapumziko na bustani ndogo kwenye mteremko ulio mkabala na ngome yake. Moto ulioukumba mji mwaka 1759 uliiteketeza karibu yote. Ikafufuliwa kuanzia 1774, na watawala waliofuata kila mmoja akaongeza lake: huyu bwawa, yule kibanda cha chai, mwingine misonobari. Mwaka 1874 ikafunguliwa kwa wananchi wote. Wajapani huihesabu miongoni mwa bustani tatu kuu za nchi, pamoja na Korakuen ya Okayama na Kairakuen ya Mito.

Ukoo wa Maeda haukuwa wa mchezo. Eneo lao lilikadiriwa kuzalisha mchele wa zaidi ya koku milioni moja kwa mwaka, na koku moja ilihesabiwa kuwa chakula cha mtu mmoja mwaka mzima. Ukiondoa Tokugawa wenyewe, ukoo uliotawala Japani nzima wakati huo, hakukuwa na ukoo tajiri kama huo. Mali hiyo wangeimwaga kwenye silaha, Tokugawa wangeshtuka. Wakaielekeza zaidi kwenye chai, hariri, vyombo vya lakiri, dhahabu na bustani.

Kwa nini nisafiri mbali hivyo wakati Kyoto imejaa bustani?

Bustani nyingi mashuhuri za Kyoto ni za mahekalu. Unakaa barazani, unatazama mawe na changarawe iliyochanwa kwa reki, na huruhusiwi kutia mguu. Ni nzuri, lakini ni za kutazamwa. Kenrokuen ni ya kutembelewa kwa miguu. Ukipita kona moja bwawa linajitokeza, ukipita nyingine limetoweka na unasikia maporomoko ya maji usiyoyaona bado.

Kama una siku tatu tu Japani, baki Tokyo au Kyoto. Kama una wiki, hii safari inastahili siku yake.

Kweli naweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo kutoka Tokyo?

Unaweza. Tangu Machi 2015 treni ya mwendokasi, Hokuriku Shinkansen, inafika Kanazawa. Ile ya haraka zaidi inaitwa Kagayaki na hutumia takriban saa mbili na nusu. Ukipanda ya alfajiri, muda mfupi baada ya saa 12, unafika Kanazawa kabla ya saa 3 asubuhi. Kagayaki haina behewa la kukaa popote. Viti vyote ni vya kuwekewa nafasi, kwa hiyo kata tiketi mapema. Ukiikosa, kuna Hakutaka, inayosimama vituo vingi na kutumia kama saa tatu.

Kurudi, weka kiti cha saa 12 au saa 1 jioni. Treni za baadaye zipo, ila ukifika Tokyo usiku mnene utajuta kesho yake.

Na kutoka Osaka au Kyoto?

Zamani kulikuwa na treni moja kwa moja iitwayo Thunderbird. Tangu Machi 2024 reli ya mwendokasi imerefushwa hadi Tsuruga, na Thunderbird sasa inaishia hapo. Unashuka Tsuruga, unapanda ghorofa za juu za kituo, unaingia Shinkansen hadi Kanazawa. Kutoka Kyoto ni kama saa mbili na dakika chache kwa jumla. Muda wa kubadili treni ni mfupi na umati wote unakwenda njia moja. Fuata mishale, wala usisimame kupiga picha.

Nauli ni kiasi gani? Ninunue JR Pass?

Tokyo hadi Kanazawa ni zaidi ya yen 14,000 kwenda tu. Ndiyo gharama kubwa ya siku nzima; mengine yote ni madogo.

JR Pass, pasi ya treni ya nchi nzima, ile ya siku 7 ilipanda bei Oktoba 2023 hadi yen 50,000. Piga hesabu: kwenda na kurudi Kanazawa ni kama yen 29,000, kwa hiyo kwa safari hii peke yake pasi inakula hasara. Kama utatoka Tokyo, upite Kanazawa, kisha uendelee Kyoto na Osaka, ulizia Hokuriku Arch Pass, ambayo imetengenezwa kwa njia hiyohiyo na ni nafuu kuliko pasi ya nchi nzima. Angalizo kwa wanafunzi: pasi hizi ni za wageni wa muda mfupi. Ukiwa na kadi ya ukaazi, hupewi.

Viza je?

Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya anahitaji viza kabla ya kusafiri. Maombi hupelekwa kupitia ubalozi wa Japani ulioko nchini mwako. Ratiba ya siku kwa siku ni sehemu ya maombi. Kuandika "Kanazawa, Kenrokuen, kurudi Tokyo" kwenye siku mojawapo kunaonyesha mtu anayejua anakokwenda.

Nikishuka kituoni, nafikaje bustanini?

Toka upande wa mashariki. Utapita chini ya paa kubwa la kioo, kisha chini ya lango la mbao lenye nguzo zilizosokotwa kama ngoma za tsuzumi. Stendi ya basi iko hapohapo. Mabasi ya kuzunguka mji yanapita karibu na bustani na huchukua kama dakika 15 au 20. Kwa miguu ni kilomita 2 na kitu, kama nusu saa. Binafsi huwaambia watu waende kwa basi na warudi kwa miguu kupitia soko la Omicho, maana miguu ya asubuhi ni ya kuwekea bustani.

Mizigo iache kwenye makabati ya kulipia pale kituoni. Sanduku la magurudumu kwenye njia ya changarawe ni adhabu kwako na kelele kwa wenzako.

Kiingilio ni bei gani, na wanafungua lini?

Mtu mzima yen 320, mtoto wa miaka 6 hadi 17 yen 100. Wenye miaka 65 na zaidi huingia bure wakionyesha kitambulisho, pasipoti inatosha. Bei hurekebishwa mara mojamoja, hivyo itazame kabla ya kuondoka. Hakuna siku ya kufungwa. Kuanzia Machi 1 hadi Oktoba 15 ni saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni. Miezi mingine ni saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni.

Kwa anayelala Kanazawa kuna siri ambayo si siri: alfajiri, kabla ya saa za kulipia, milango ya Renchimon na Zuishinzaka hufunguliwa na kuingia ni bure. Kiangazi huanza saa 10 alfajiri. Sharti lake ni kutoka kabla ya saa za tiketi kuanza. Wazee wa mtaani hutembea humo wakipiga soga, mfanyakazi anafagia njia kwa ufagio wa mianzi, na hakuna kipaza sauti cha kiongozi wa watalii hata kimoja.

Ni bustani ya maua?

Hapana, na hapa ndipo wengi wetu hukwama. Tumezoea bustani yenye nyasi za kukalia, maua yaliyopangwa kwa rangi na bwana harusi akisubiri zamu ya kupigwa picha. Ukiingia Kenrokuen ukitafuta hayo, baada ya dakika 20 utasema umemaliza.

Tazama badala yake jinsi vitu vilivyowekwa. Jina la bustani lilitolewa mwaka 1822 na Matsudaira Sadanobu, kwa ombi la mtawala Maeda Narinaga, na linahesabu sifa sita. Zilitoka kwa Li Gefei, mwandishi wa China wa enzi ya Song aliyeandika juu ya bustani za Luoyang. Hoja yake ilikuwa kwamba sifa hizo huja mbilimbili na kila jozi inagombana. Ukitaka uwanda mpana, unakosa faragha. Mkono wa binadamu ukionekana sana, hali ya ukale inapungua. Maji yanakaa bondeni ilhali mandhari ya mbali yako juu kilimani, sasa utayapataje yote mahali pamoja?

Kenrokuen inajigamba kwamba inazo zote sita, na mgeni ana haki ya kuikagua. Kwa faragha nenda Hisagoike, bwawa dogo la chini, sehemu kongwe zaidi, ambako miti imefunga na maporomoko ya Midori yanaanguka zaidi ya mita 6. Kwa upana panda hadi Kasumigaike, bwawa kubwa lenye kisiwa kilichoumbwa mfano wa kobe, alama ya maisha marefu. Kwa mandhari, hatua chache kutoka hapo kuna ukingo unaotazama vilima vya Utatsu, na siku ya anga safi unaona mpaka upande wa rasi ya Noto. Geuka nyuma: bwawa kubwa liko palepale kilimani, karibu sawa na macho yako. Hiyo jozi ya mwisho, maji na mandhari, ndiyo ngumu kuliko zote, na ndiyo inayoleta swali linalofuata.

Maji yote haya juu ya kilima yanatoka wapi? Pampu?

Hakuna pampu. Mwaka 1631 Kanazawa iliungua pamoja na ngome, na mtawala Maeda Toshitsune akaamua mji upate maji ya uhakika. Kazi akapewa mtu wa mji wa Komatsu, Itaya Heishiro, na mwaka 1632 mfereji wa Tatsumi ukawa tayari: kilomita kama 11 kutoka sehemu za juu za mto Sai, sehemu yake ikipita kwenye mahandaki yaliyochongwa kwa mkono. Aliyewahi kuona mifongo ya Wachagga inavyozungusha maji kwenye miteremko ya Kilimanjaro ataelewa bila kuelezwa. Siri yote iko kwenye mwinamo. Ukizidi, maji yanabomoa kuta; ukipungua, yanalala na kuacha matope njiani.

Kutoka kilimani hapo maji yalitakiwa yavuke bonde hadi ndani ya ngome. Wakayapitisha kwenye mabomba yaliyoshuka bondeni na kupanda tena upande wa pili, kwa sababu maji yaliyofungiwa kwenye bomba hurudi karibu na kimo yalikotoka. Bustani ilikuja baadaye ikatumia mfereji uleule. Vijito unavyovivuka, mabwawa, maporomoko, vyote vinaishi kwa maji hayo.

Ushahidi wa wazi ni chemchemi ya kurusha maji iliyo chini ya bwawa kubwa. Iliwekwa mwaka 1861 na ni miongoni mwa za kale zaidi Japani. Inarusha maji kama mita 3.5, bila mota wala umeme, kwa shinikizo la bwawa lililo juu yake peke yake. Bwawa likishuka, nayo inashuka. Watalii wengi huipita kwa sababu inaonekana ya kawaida, kama ile ya mbele ya hoteli. Simama pale dakika mbili, uangalie juu kule maji yanakotoka, kisha uangalie yanakofika.

Ile taa ya mawe yenye miguu miwili iko wapi?

Inaitwa Kotoji-toro, iko ukingoni mwa Kasumigaike upande wa kaskazini. Urefu wake ni mita 2.67. Mguu mmoja umesimama majini, mwingine mfupi umeegemea jiwe la nchi kavu, na umbo lake linafanana na kigango kinachoinua nyuzi za koto, kile kinanda cha Kijapani cha kulazwa. Mbele yake kuna daraja fupi la jiwe ambalo kila mtu anataka kusimama juu yake apigwe picha.

Mchana, foleni. Watu hujipanga wenyewe bila kuambiwa, na ukijipenyeza utatazamwa kwa macho ambayo hayahitaji mkalimani. Piga picha moja au mbili, umwachie mwenzako. Picha nzuri zaidi, kwa maoni yangu, hupigwa kutoka mbali kidogo, ng'ambo ya maji, ambako taa inaonekana pamoja na misonobari iliyoinama nyuma yake. Huko hakuna foleni.

Kwa nini miti imefungwa kamba kama mwavuli?

Hiyo ni yukitsuri, na kama unaweza kuchagua msimu kwa sababu moja tu, chagua hii.

Theluji ya Kanazawa ni nzito. Upepo wa baridi kutoka bara unavuka Bahari ya Japani, unabeba unyevu, ukifika huku unaumwaga ukiwa theluji yenye maji mengi inayong'ang'ania matawi. Msonobari uliopogolewa miaka mingi ili matawi yake yalale kwa mapana hauwezi kubeba mzigo huo. Tawi linakatika kwa usiku mmoja, na tawi la miaka 150 halipandwi tena. Kwa hiyo husimamishwa nguzo ndefu kandokando ya shina, na kutoka kileleni mwake zinashushwa kamba za mabua ya mpunga hadi kwenye matawi, kila tawi na kamba yake.

Kazi huanza Novemba 1 kila mwaka, na mti wa kwanza ni msonobari wa Karasaki, ulio kando ya Kasumigaike. Huo ulioteshwa kwa mbegu zilizoletwa na mtawala Maeda Nariyasu kutoka Karasaki, ufukweni mwa ziwa Biwa. Peke yake unatumia nguzo tano na kamba kama 800. Ukiwahi siku hizo za mwanzo utaona fundi mmoja juu ya nguzo akirusha kamba moja baada ya nyingine, na wenzake chini wakizidaka na kuzipeleka kwenye tawi lake. Wa chini anaivuta mpaka imekaza lakini tawi halijainuka, anafunga, anakata mkia wa kamba, anasogea. Mti mmoja, siku nzima. Bustani nzima hukamilika katikati ya Desemba, na kuanzia katikati ya Machi zinafunguliwa zote.

Theluji isipoanguka, na siku hizi kuna majira ya baridi inapoanguka kidogo sana, kamba zinabaki pale kama mapambo. Hakuna anayesema kazi imepotea.

Msimu gani mzuri kwa anayekuja mara moja tu?

Katikati ya Novemba. Kamba zimeanza kufungwa, majani ya momiji, yaani maple ya Kijapani, yamekuwa mekundu na hewa ni ya kuvaa sweta tu.

Aprili mwanzoni ni sakura, maua ya mcheri, na kwa siku chache kiingilio huwa bure, hadi usiku kukiwa na taa. Bure hiyo ina gharama yake: umati. Ukikosa sakura za kawaida usihuzunike, maana mwisho wa Aprili huchanua Kenrokuen-kikuzakura, ambayo ua lake moja lina petali zaidi ya 300. Februari na Machi ni maua ya ume, plamu ya Kijapani. Mei ni irisi kando ya kijito, na kijani kibichi kila mahali. Julai na Agosti ni joto la unyevu kama Dar es Salaam ya Februari, bila upepo wa bahari.

Mvua ikinyesha nisiende?

Nenda. Kanazawa ni mji wa mvua, na wenyeji wana msemo kwamba hata ukisahau chakula chako cha mchana usisahau mwavuli. Ile mimea midogo laini inayofunika mawe na mizizi kama zulia huwaka kijani ikilowa, na watu hupungua. Vaa viatu visivyoteleza, kwa sababu mawe ya kukanyagia yaliyolainishwa na miguu ya karne mbili hayana huruma.

Mama yangu magoti yanamsumbua. Ataweza?

Ataweza, ukichagua mlango. Milango mingi iko chini ya mteremko na inaanza na kupanda. Mchukulie teksi hadi mlango wa Kodatsuno, ulio juu, karibu na jumba la Seisonkaku. Kutoka hapo hadi Kasumigaike ni karibu tambarare. Njia kuu ni za changarawe iliyoshindiliwa, kitimwendo kinapita ingawa msukumaji atatoa jasho. Sehemu ya Hisagoike ina ngazi na miteremko. Hiyo mama asiilazimishe.

Mlango huohuo una faida nyingine: karibu yake kuna msonobari wa Neagari, ambao mizizi yake zaidi ya 40 imesimama nje ya ardhi kama mita 2. Ulipandwa juu ya tuta la udongo, kisha udongo ukaondolewa kidogokidogo. Wazee huupenda kuliko taa.

Watoto watachoka?

Wadogo, ndiyo. Hakuna bembea wala uwanja wa kukimbilia. Wape kazi: watafute samaki wa koi, wahesabu madaraja, wakague sanamu isiyotuliwa na njiwa.

Sanamu isiyotuliwa na njiwa? Ni kweli?

Ni sanamu ya shaba ya shujaa wa hekaya, Yamato Takeru, iliyosimamishwa mwaka 1880. Mtafiti wa Chuo Kikuu cha Kanazawa, Yukio Hirose, alijiuliza mbona ndege hawaichafui kama wanavyochafua sanamu nyingine duniani. Akachunguza mchanganyiko wa madini yake, akataja aseniki iliyomo, na mwaka 2003 akapewa tuzo ya Ig Nobel ya kemia, ile ya utafiti unaochekesha kwanza na kufikirisha baadaye. Itazame kichwani uamue mwenyewe.

Nikinywa chai kwenye kibanda cha Shigure-tei, nifanye nini nisiaibike?

Vaa soksi nzima, maana viatu vinaachwa mlangoni na mikeka ya tatami haikanyagwi kwa viatu. Utaletewa kitamu kidogo kwanza, kisha bakuli la matcha, chai ya kijani ya unga. Kula kitamu chote kabla ya chai. Utamu wake ndio unaosawazisha uchungu unaokuja. Inua bakuli kwa mikono miwili, lizungushe kidogo ili upande wake mzuri usiwe mdomoni mwako, kunywa kwa mafunda machache. Kupiga magoti si lazima, mgeni hukaa anavyoweza. Wenyeji hawakupimi. Na usitafute sukari.

Mimi ni Mwislamu. Chakula na sala itakuwaje?

Matcha na vitamu vya maharage mekundu kwa kawaida havina nyama. Tatizo la Japani ni vitu usivyoviona: mirin na sake, pombe za mchele, vyote vina kileo, huingia kwenye mchuzi wa chakula kingi, na hata wali wa sushi huweza kutiwa. Jibuni, mchuzi wa bata ambao mji huu unajivunia, una vyote viwili. Sokoni Omicho kuna samaki na kamba wa kuchomwa papo hapo. Mwombe muuzaji aweke chumvi tu. Asiyetaka shaka hubeba chakula chake kutoka Tokyo, akala kwenye treni, na hakuna atakayemshangaa.

Kibla kutoka huku ni magharibi ikielekea kidogo kaskazini. Wewe ni msafiri, una ruhusa ya kupunguza na kuchanganya sala, kwa hiyo siku haibanwi. Chukua chupa ndogo ya maji kwa udhu, kwani masinki ya vyooni hayakutengenezwa kwa ajili ya miguu.

Yapi hayaruhusiwi?

Kukanyaga nje ya njia, hasa zile sehemu za kijani laini. Kulisha samaki. Kurusha droni. Kupanda daraja la Ganko, la mawe 11 mekundu yaliyopangwa kama bata-bukini wanaoruka. Zamani lilikanyagwa, sasa ni la kutazama.

Nina saa moja zaidi baada ya bustani. Niende wapi?

Seisonkaku, bila kusita. Ni jumba ambalo Maeda Nariyasu alimjengea mama yake, Shinryuin, mwaka 1863, limepakana na bustani na lina tiketi yake. Kuna ubaraza mrefu usio na nguzo hata moja ya kuzuia macho, mbao zilizochongwa ndege, na ghorofani chumba chenye dari la buluu kali ambayo hutarajii kuiona kwenye nyumba ya Kijapani. Picha haziruhusiwi ndani, na Jumatano hufungwa.

Lango la ngome, Ishikawa-mon la mwaka 1788, liko ng'ambo ya daraja, na kuingia uwanjani mwake ni bure. Makumbusho ya sanaa ya karne ya 21 ni hatua chache kutoka mlango wa Mayumizaka, ila Jumatatu hayafunguki. Aiskrimu iliyofunikwa karatasi ya dhahabu inauzwa karibu na bustani kwa sababu karibu dhahabu yote ya aina hiyo nchini hupondwa Kanazawa. Dhahabu haina ladha. Unalipia picha.

Tetemeko la Januari 2024 liliharibu bustani?

Tetemeko la Noto la Januari 1, 2024 liliua mamia ya watu na kubomoa miji ya rasi hiyo, kaskazini mwa Kanazawa. Mjini, baadhi ya kuta za mawe za ngome ziliporomoka, na ukarabati wake ni wa miaka. Bustani yenyewe ilifunguliwa tena baada ya muda mfupi. Vyombo vya lakiri vya Wajima vinavyouzwa madukani Kanazawa vimetoka kwa mafundi wa huko Noto, wengi wao wakiwa wamepoteza karakana zao. Ukitaka zawadi ya kupeleka nyumbani, nunua hivyo kabla ya sumaku za jokofu.

Nina saa mbili tu ndani. Nipite njia gani?

Ingia kwa mlango wa Renchimon, anza na Hisagoike na maporomoko kabla miguu haijachoka. Panda polepole, usimame kwenye chemchemi, kisha utokee Kasumigaike. Zunguka bwawa kwa upande wa msonobari wa Karasaki, usogee ukingo wa mandhari, ufuate kijito hadi Neagari na sanamu, utokee Kodatsuno na kuingia Seisonkaku. Taa ya miguu miwili utaipita njiani. Foleni ikiwa ndefu, endelea na safari.